Flutter ikigoma: jua hitilafu iko tabaka gani kabla ya kufuta chochote

Kodi (msimbo wa programu) ya Flutter, mfumo wa kutengenezea aplikesheni za Android na iPhone, huandikwa mara moja kwa lugha ya Dart, lakini haifiki kwenye simu kwa hatua moja. Upande wa Android, zana za Flutter huiachia kazi Gradle, programu ya kujenga aplikesheni, nayo huita Java, Kotlin na SDK (zana za Android za wasanidi). Upande wa iPhone kazi huenda kwa Xcode, programu ya Apple ya kujengea aplikesheni, na CocoaPods, inayoleta maktaba. Kisha, kwa Android, `adb` (amri ya kuzungumza na simu kutoka kwenye kompyuta) hubeba faili hadi kwenye simu, na simu nayo ina masharti yake. Hitilafu nyingi zinazomkwamisha mtu siku nzima zimejificha kwenye maungio hayo, wala si kwenye kodi aliyoandika. Ndiyo maana kufuta folda na kusakinisha upya kila kitu leo huponya, kesho hakuponyi: aliyefanya hivyo hajui aligusa tabaka gani.

Amri na majina ya mafaili hapa ni ya Flutter. React Native, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, imetajwa pale inapokwenda njia yake.

## Mstari wa kusoma

Gradle ikishindwa humwaga mistari mia na zaidi. Usinakili mstari wa mwisho kwenda kutafutia jibu, kwa sababu karibu daima ni `Gradle task assembleDebug failed with exit code 1`, ambao hauna habari yoyote. Panda juu hadi ukute `* What went wrong:`. Mistari miwili mitatu iliyo chini yake ndiyo kesi yenyewe. Ikitaja `':app:...'` anza na mradi wako, ikitaja `':image_picker_android:...'` au plagini (kifurushi cha nyongeza) nyingine, achana na kodi yako uende kuangalia toleo la plagini hiyo.

Ujumbe unaotaja `lib/` na nambari ya mstari ni wa Dart. Ukianza na `INSTALL_FAILED`, ujenzi umekamilika salama, simu ndiyo iliyokataa. Aplikesheni ikifunguka kisha ikafa, iache simu kwenye kebo na uendeshe `adb logcat`: `E/flutter` ni kosa la Dart, na `FATAL EXCEPTION` ni la upande wa Java au Kotlin, mara nyingi plagini.

Neno moja kuhusu `flutter clean`, dawa ambayo kila mtu humpa mwenzake. Amri hii hufuta `build/` na `.dart_tool/` za mradi, basi. Haigusi akiba za vilivyopakuliwa, `~/.pub-cache` na `~/.gradle`, kwa hiyo inakula muda zaidi kuliko bando. Inafaa baada ya kubadilisha toleo la Flutter au plagini yenye kodi ya Android ndani yake. Kufuta `~/.gradle` nzima ni jambo jingine: ujenzi unaofuata utapakua upya Gradle, zana za Android, Kotlin na kila maktaba ya kila mradi ulio nao. Kwa anayenunua bando la siku, hiyo ni hasara isiyo na sababu.

## Ujenzi unakufa kabla kodi haijasomwa

Anza na `flutter doctor -v`. Ikilalamika `cmdline-tools component is missing`, fungua Android Studio, ingia SDK Manager, kichupo cha SDK Tools, weka alama kwenye Android SDK Command-line Tools (latest), kisha bonyeza Apply. Baada ya hapo tu ndipo `flutter doctor --android-licenses` itafanya kazi. Wengi huendesha amri hii kwanza, ikakataa, wakadhani leseni ndiyo mbovu.

Upakuaji uliokatika. Hii ndiyo hitilafu inayowasumbua zaidi watu wenye intaneti ya kuruka-ruka, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Dalili zake ni `java.util.zip.ZipException`, au `zip END header not found`, au ujenzi unaokwama kwenye `Running Gradle task 'assembleDebug'...` kwa nusu saa bila neno. Mtandao ulikatika katikati ya kupakua Gradle, faili likabaki nusu, na kila ujenzi unalikuta lile lile bovu. Nenda `~/.gradle/wrapper/dists/` (kwenye Windows ni `C:\Users\jina-lako\.gradle\wrapper\dists\`), ufute folda ya toleo hilo moja tu, mfano `gradle-8.10.2-all`. Mengine yaache.

Kabla hujajaribu tena, fungua `android/gradle/wrapper/gradle-wrapper.properties`. Kwenye `distributionUrl` badilisha mwisho wa jina, `-all.zip` iwe `-bin.zip`. Toleo la `bin` ni dogo kwa sababu halibebi nyaraka wala kodi chanzo ya Gradle, na ujenzi hauvihitaji. Ongeza na mstari `networkTimeout=60000`. Kipimo ni milisekunde. Kawaida ni 10000, yaani sekunde 10, ambazo kwenye mtandao wa jioni haziwezi kutosha.

Ndugu wa hitilafu hii ni `[CXX1101] NDK at ... did not have a source.properties file`. NDK, zana za Android za kodi ya C na C++, nayo ilikatika njiani. Futa folda ya toleo lililotajwa ndani ya `Android/Sdk/ndk/`, kisha uipakue kwa SDK Manager badala ya kuiachia Gradle, maana pale unaona maendeleo ya upakuaji. Na ukiona onyo kwamba plagini zinahitaji NDK nyingine, kwa mfano `27.0.12077973`, iandike namba hiyo kwenye `android/app/build.gradle.kts`:

`ndkVersion = "27.0.12077973"`

Java na Gradle hazielewani. Ujumbe ni `Unsupported class file major version 65`. Toa 44 kwenye namba hiyo upate toleo la Java: 65 ni Java 21, 61 ni Java 17, 55 ni Java 11. Maana yake Gradle ya mradi ni ya zamani kuliko Java inayoiendesha. Gradle inaweza kuendeshwa na Java 17 kuanzia toleo 7.3, na Java 21 kuanzia 8.5. Mara nyingi hutokea siku ambayo hukugusa mradi kabisa, ila uliruhusu Android Studio ijisasishe: toleo la Ladybug lilikuja na Java 21 ndani yake, na Flutter hutumia Java ya Android Studio isipoelekezwa kwingine.

Njia mbili zipo. Ukiwa na mradi hai, pandisha Gradle kwenye `distributionUrl`. Ukiwa na mradi wa zamani wa mteja usiotaka kuutikisa, sakinisha Java 17 pembeni na uelekeze Flutter huko:

`flutter config --jdk-dir="/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64"`

Kumbuka mpangilio huu ni wa kompyuta nzima, si wa mradi mmoja. Usishuke chini ya 17, kwa sababu zana za Android (Android Gradle Plugin) kuanzia 8.0 haziikubali Java 11. Thibitisha kwa `flutter doctor -v`, mstari wa `Java binary at`.

Kompyuta inaganda, kisha `Gradle build daemon disappeared unexpectedly`. Kumbukumbu imekwisha, na mfumo umeiua Gradle. Angalia `android/gradle.properties`. Miradi mipya ya Flutter huja na `-Xmx8G`, yaani Gradle inaruhusiwa kula GB 8 kwenye laptopu ambayo pengine ina GB 8 kwa jumla, huku Chrome na Android Studio vimefunguliwa. Badilisha:

`org.gradle.jvmargs=-Xmx2G -XX:MaxMetaspaceSize=512m`
`org.gradle.workers.max=2`

Ukipata `OutOfMemoryError: Metaspace`, pandisha hiyo 512m iwe 1G, usipandishe `Xmx`. Kwenye mashine ya GB 8 achana na emuleta, tumia simu halisi, na uandike kwa VS Code. Android Studio ifungue pale unapohitaji SDK Manager tu.

## Plagini zinagombana

`version solving failed` hutisha kwa urefu wake, lakini ni sentensi ya kawaida ukiisoma polepole kutoka chini kwenda juu. Mfano wa kila siku ni `intl`, kifurushi cha lugha na tarehe: `flutter_localizations` inayokuja na Flutter imefungwa kwenye toleo moja la `intl`, na wewe umeandika jingine kwenye `pubspec.yaml`, faili la mradi linaloorodhesha vifurushi. Hapo andika `intl: any`, Flutter ichague yenyewe. Kwa migongano mingine endesha `flutter pub outdated`. Safu ya `Resolvable` inakuonyesha toleo la juu kabisa linaloweza kukaa na wenzake. Ndilo la kuandika, hata kama `Latest` ni kubwa zaidi. `dependency_overrides`, yaani kulazimisha toleo, hunyamazisha kosa bila kuondoa sababu, na deni lake hulipwa wakati wa ujenzi au, vibaya zaidi, aplikesheni ikiwa mikononi mwa mtumiaji.

`Namespace not specified` inamaanisha plagini haijaguswa tangu kabla ya Android Gradle Plugin 8. Pandisha toleo lake. Kama hakuna toleo jipya, hiyo ni ishara ya kutafuta plagini nyingine. Kuhariri faili ndani ya `.pub-cache` kutafanya kazi kwenye kompyuta yako peke yake, na kutapotea siku akiba hiyo ikifutwa.

`Module was compiled with an incompatible version of Kotlin` hutaja namba mbili: ya maktaba na ile iliyotarajiwa. Kotlin ya mradi wako ndiyo iliyo nyuma. Ipandishe kwenye `android/settings.gradle` au `settings.gradle.kts`, mstari wenye `org.jetbrains.kotlin.android`. Kwenye miradi ya zamani iko `android/build.gradle`, kwa jina `ext.kotlin_version`.

`MissingPluginException(No implementation found for method ...)` mara tu baada ya kuongeza plagini si kosa la plagini. Ulibonyeza `r` au `R` kwenye dirisha la `flutter run`, ambazo hubadilisha Dart peke yake. Sehemu ya Java au Swift ya plagini haijaingia kwenye faili lililo simuni. Simamisha kwa `q`, kisha `flutter run` upya. Na tukiwa hapo: `r` ndogo haiendeshi upya `main()` wala `initState()`, na haibadilishi thamani za vigeu vya jumla vilivyokwisha kupewa thamani. Ukibadilisha vitu hivyo na skrini isionyeshe tofauti, bonyeza `R` kubwa kabla ya kuanza kutilia shaka kodi.

## Simu haionekani, au inakataa

Endesha `adb devices`. Orodha ikiwa tupu, badilisha kebo kwanza. Kebo nyingi zinazouzwa kwa bei ndogo zina nyaya za umeme tu, hazipitishi data. Simu huchaji kama kawaida na hivyo kumdanganya mtu. Kisha hakikisha umegonga `Build number` mara 7 na kuwasha `USB debugging`. Ikionyesha `unauthorized`, fungua kioo cha simu, kuna kidirisha kinachosubiri kibali. Kisipotokea, tumia `Revoke USB debugging authorizations`, chomoa kebo, kisha `adb kill-server` na uchomeke tena. Kwenye Ubuntu `no permissions` huondolewa kwa `sudo apt install android-sdk-platform-tools-common`, kujiongeza kwenye kundi la `plugdev`, na kutoka kisha kuingia upya.

Simu ya Android 11 na kuendelea haihitaji kebo: kwenye `Wireless debugging` chagua kuoanisha kwa namba, kisha `adb pair` na anwani iliyoonyeshwa, halafu `adb connect`. Bandari ya kuoanisha na ya kuunganisha ni namba mbili tofauti, na watu huzichanganya.

`INSTALL_FAILED_USER_RESTRICTED` ni ya Xiaomi na ndugu zake: washa `Install via USB` kwenye mipangilio ile ile ya wasanidi. `INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE` maana yake simuni kuna aplikesheni yenye jina lile lile la kifurushi iliyosainiwa kwa ufunguo mwingine, pengine uliyoipakua Play Store. Iondoe, ukijua data yake ya ndani nayo itaondoka.

`App not installed` kwa mtu uliyemtumia APK (faili la kusakinisha) kwa WhatsApp ina sababu nyingine ya kuangalia mapema. Ukijenga kwa `flutter build apk --split-per-abi` unapata mafaili matatu. Simu nyingi za bei nafuu zenye Android Go huendesha mfumo wa biti 32 hata kama kichakataji ni cha biti 64, na hizo zinataka `app-armeabi-v7a-release.apk`. Ile ya `arm64-v8a` haitaingia. Usipojua simu ya mpokeaji, mtumie APK ya pamoja, ingawa ni nzito.

## Kwenye kompyuta inakwenda, kwa mteja inakufa

Hapa ndipo panapostahili muda. Hali ya `debug` (ya majaribio) na ya `release` (ya kutolewa kwa watu) ni aplikesheni mbili zenye sura moja, na tofauti zake zinajulikana.

Ya kwanza ni intaneti. Flutter huweka ruhusa ya `INTERNET` kwenye mafaili ya manifest (yanayotaja ruhusa na sifa za aplikesheni) ya `debug` na `profile`, kwa sababu zenyewe zinaihitaji kuzungumza na kompyuta yako. Faili la `android/app/src/main/AndroidManifest.xml`, ambalo ndilo la `release`, halina. Matokeo yake ni `SocketException: Failed host lookup`, na mteja anakuambia "seva yenu iko chini". Ongeza juu ya `<application`:

`<uses-permission android:name="android.permission.INTERNET"/>`

Ya pili ni kodi iliyopunguzwa. Kwenye `release` R8, zana ya kupunguza kodi, hutupa madarasa ya Java ambayo haioni yakiitwa. Plagini inayoita kitu kwa jina lake la maandishi hukuta hakipo, na logcat huandika `ClassNotFoundException` au `Missing type parameter`. Kuthibitisha, weka kwa muda `isMinifyEnabled = false` na `isShrinkResources = false` kwenye `buildTypes` ya `release`. Tatizo likipotea, zirudishe zilivyokuwa na uandike kanuni za `-keep` kwenye `proguard-rules.pro` kama nyaraka za plagini husika zinavyoelekeza. Dart nayo hutupa isichokiona: kitendaji cha kupokea ujumbe wa FCM (huduma ya Google ya kutuma taarifa) nyuma ya pazia lazima kiwe nje ya darasa lolote na kiwe na `@pragma('vm:entry-point')` juu yake, la sivyo hufanya kazi kwenye `debug` na hakipo kwenye `release`.

Ya tatu ni skrini ya kijivu. Kwenye `debug` wijeti iliyoshindwa huonyesha mstatili mwekundu wenye maandishi ya njano. Kwenye `release` eneo lile lile huwa kijivu tupu, bila neno. Kwa hiyo "imekuwa ya kijivu" ni kosa la Dart wakati wa kuchora. Wahusika wa kawaida ni `!` kwenye thamani iliyokuja `null` kutoka seva, au `Expanded` iliyowekwa nje ya `Row`, `Column` au `Flex`. Hili la pili huandika `Incorrect use of ParentDataWidget` kwenye konsoli ya `debug`, huku skrini pengine ikionekana sawa, na mtu hulipuuza hadi lije kumuumbua kwa mteja.

Ya nne ni Google Sign-In inayorudisha `ApiException: 10`. Google huitambua aplikesheni kwa jina la kifurushi pamoja na SHA-1 (alama ya utambulisho) ya ufunguo ulioisaini, na funguo zipo tatu: wa `debug` ulio `~/.android/debug.keystore`, wako wa kupakia, na wa Google Play yenyewe, ambao ndio husaini nakala inayomfikia mtumiaji. Ikifanya kazi kwako na kushindwa kwa mwenzako wa timu, SHA-1 yake ya `debug` haijasajiliwa. Kila kompyuta hutengeneza ya kwake. Ikifanya kazi ukisakinisha kwa kebo na kushindwa ikishuka Play Store, inayokosekana ni ya tatu, na hiyo haimo kwenye kompyuta yako: inakiliwe kutoka Play Console, ukurasa wa `App signing`. Mbili za kwanza zinapatikana kwa kuingia folda ya `android` na kuendesha `./gradlew signingReport`. Sajili zote tatu kwenye Firebase, jukwaa la Google la huduma za aplikesheni, siku ya kwanza.

## Simu haiifikii seva iliyo kwenye kompyuta

`Connection refused, errno = 111` huku kivinjari cha kompyuta kikifungua `localhost:8000` bila shida. Kwa simu, `localhost` ni simu yenyewe. Kwenye emuleta ya Android andika `10.0.2.2` badala yake. Kwenye simu halisi iliyo kwenye kebo, njia safi ni:

`adb reverse tcp:8000 tcp:8000`

Baada ya hapo `localhost:8000` ndani ya simu hufika kwenye kompyuta, hata Wi-Fi ikiwa imezimwa. Kebo ikichomoka amri hurudiwa. Ukipenda Wi-Fi, seva lazima isikilize anwani zote: `php artisan serve --host=0.0.0.0` kwa Laravel, `python manage.py runserver 0.0.0.0:8000` kwa Django, na kwa Django uongeze IP ya kompyuta kwenye `ALLOWED_HOSTS`. Ngome (firewall) ya Windows huzuia bandari hiyo kimya kimya mtandao ukiwa umewekwa kama wa umma.

React Native inadai jambo hilo hilo hata kwa kodi yake, kwa sababu Metro, seva yake iliyo kwenye kompyuta, huigawa kupitia bandari 8081. Skrini nyekundu yenye `Unable to load script` huondoka kwa `adb reverse tcp:8081 tcp:8081`. Isipoondoka, `npx react-native start --reset-cache`. Wanaotumia Expo, zana zinazorahisisha React Native, waanze na `npx expo install --check`, maana matatizo yao mengi ni maktaba zilizosakinishwa kwa `npm install` zikaja na toleo lisiloendana na SDK yao.

Anwani za `http://` zisizo na s huzuiwa na Android kuanzia toleo la 9. Kwenye React Native ombi hushindwa kwa `Network request failed`, na ndani ya WebView unaona `net::ERR_CLEARTEXT_NOT_PERMITTED`. Kwa majaribio weka `android:usesCleartextTraffic="true"` kwenye manifest ya `debug` pekee. Seva ya kweli iwekewe cheti cha HTTPS. Let's Encrypt hutoa bure.

## Mistari ya njano na skrini inayokwama

`A RenderFlex overflowed by 42 pixels on the right`: kuna `Text` ndani ya `Row` ambayo haikuambiwa ikomee wapi. Izungushie `Expanded`. Kiswahili huifichua hitilafu hii haraka kuliko Kiingereza. Kitufe kilichopimwa kwa `Save` hakimtoshi `Hifadhi mabadiliko`. Jaribu pia ukiwa umekuza maandishi ya simu hadi mwisho, wazee wengi huyatumia hivyo.

`Vertical viewport was given unbounded height` ni `ListView` ndani ya `Column`. Dawa ni `Expanded` tena. `shrinkWrap: true` nayo huondoa kosa, lakini hupima watoto wote kwa pamoja, hivyo orodha ya bidhaa 500 itakwama.

Kukwama kusipimwe kwenye `debug`, ambayo ni nzito kwa asili yake. Tumia `flutter run --profile` kwenye simu halisi ya chini kabisa unayotarajia wateja wawe nayo. Kioo cha Hz 60 kinakupa milisekunde 16 kwa kila fremu. Mhalifu wa kwanza ni picha: ya kamera ya pikseli 4000 × 3000 ikifunguliwa hushika baiti 4 kwa kila pikseli, yaani MB 48, hata kama faili lake ni MB 3 na unaionyesha kwa ukubwa wa kidole gumba. Weka `cacheWidth: 400` na ile ile inashuka chini ya nusu MB. Kwenye `image_picker` weka `maxWidth` na `imageQuality`, na bando la mtumiaji wakati wa kupakia litapona pia.

## iPhone

Bila macOS na Xcode hakuna ujenzi wa iOS. Asiye na Mac hutumia Codemagic au mashine za macOS za GitHub Actions, na huko kila kosa hugharimu dakika za kulipia, kwa hiyo maliza hitilafu zote za Dart kwenye Android kwanza.

`Module 'firebase_core' not found`: umefungua `Runner.xcodeproj`. Fungua `Runner.xcworkspace`. `CocoaPods could not find compatible versions for pod`: ingia `ios/`, endesha `pod install --repo-update`, ikiendelea kukataa, soma kama inadai toleo la juu la iOS, na upandishe mstari wa `platform :ios` kwenye `Podfile`. Aplikesheni ikifa sekunde ile unapogusa kamera, `Info.plist` haina `NSCameraUsageDescription`. Maandishi yake yawe ya kueleweka, kwani wakaguzi wa Apple huyasoma. Iliyosakinishwa kwa akaunti ya Apple isiyolipiwa huacha kufunguka baada ya siku 7, na hilo si hitilafu.

## Play Store inakataa

`Version code 1 has already been used`: kwenye `pubspec.yaml` namba iliyo baada ya `+` katika `version: 1.0.0+1` lazima ipande kila unapopakia, hata kama jaribio la awali lilifutwa. Kifurushi kinachoanza na `com.example` hakipokelewi kamwe. Kibadilishe kabla ya kusajili Firebase, vinginevyo utairudia kazi yote. Ujumbe wa kusainiwa kwa `debug` unamaanisha `build.gradle` bado inatumia `signingConfigs.debug` ndani ya `release`, kama Flutter inavyoiacha. Faili la `.jks` lenye ufunguo wako na nywila zake visiingie Git. Ukilipoteza na Play App Signing ilikuwa imewashwa, unaweza kuomba kubadilishiwa ufunguo wa kupakia kwenye Play Console.

Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haziwezi kuchapisha moja kwa moja: zinahitaji jaribio la kufungwa (`closed testing`) lenye watu 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Hilo lipangwe kabla ya kumwahidi mteja tarehe. Na ukionywa kuhusu kurasa za kumbukumbu za KB 16, pandisha Flutter, zana za Android angalau hadi 8.5.1, na kila plagini yenye mafaili ya `.so`.

## Taarifa haziingii kwenye simu za watu

Kwenye Android 13 na kuendelea aplikesheni lazima iombe ruhusa ya `POST_NOTIFICATIONS`. Bila hiyo ujumbe hufika na kunyamaza. Ukibadilisha sauti au uzito wa chaneli ya taarifa na simu isibadilike, ni kwa sababu chaneli ikishaundwa haibadilishwi na kodi: ipe kitambulisho kipya, mfano kutoka `malipo` kwenda `malipo_2`.

Malalamiko yakitoka zaidi kwa wenye Tecno, Infinix na Xiaomi, angalia usimamizi wa betri. Mifumo hiyo hufunga aplikesheni zilizo nyuma kwa ukali, na iliyosimamishwa kwa nguvu haipokei FCM hadi mtumiaji aifungue tena mwenyewe. Kodi haiwezi kulivunja hilo. Tuma ujumbe wenye `priority: high`, weka ndani ya aplikesheni ukurasa mfupi unaomwonyesha mtumiaji pa kuruhusu kujiwasha na pa kuondoa kizuizi cha betri, na taarifa isiyotakiwa kupotea, kama ya malipo, isomwe upya kutoka seva kila aplikesheni inapofunguliwa.